Chungu cha Mama na Bakuli la Mgeni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tanga)



Nimeombwa na Kamati yetu niseme nanyi jioni hii juu ya vyombo vya kulia vilivyofanyizwa kwa mikono, juu ya nakshi zake, na jinsi vyombo hivyo vinavyokutanisha watu wa mataifa mbalimbali. Yamkini wako kati yenu wanaojiuliza: makarani na watumishi wa Serikali wana shauri gani na vyungu? Je, hayo si mambo ya jikoni? Nawaomba mnivumilie kidogo, maana nakusudia kuonyesha kwamba habari za chungu ni habari za asili yetu wenyewe, na kwamba kalamu ya karani ina kazi kubwa katika habari hizo kuliko tunavyodhani.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina neno moja, chombo, kwa jahazi livukalo bahari na kwa bakuli lipakuliwalo wali. Wahenga hawakuona haja ya kuyatenga mambo haya mawili, na walikuwa na haki, kwa maana bakuli nalo limevuka bahari, na limechukua ndani yake zaidi ya chakula. Tazameni majina ya vitu vilivyo mbele yetu tuketipo kula. Meza ni neno la Wareno. Birika tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi. Bilauri ni jina la Kiarabu la jiwe liangazalo kama maji. Sinia, ambalo kila harusi ya Tanga hulijua, maana yake ya asili kwa Kiarabu ni kitu cha Sini, yaani cha China. Lakini mwiko, na kijiko ambacho ni mtoto wake, na kombe, na kikombe ambacho nacho ni mtoto wake, na chungu chenyewe, hayo ni maneno yetu ya asili, nayo yana ndugu zake katika lugha nyingi za bara. Basi mtu wa pwani alapo chakula, hukutana na mataifa manne au matano kabla hajatia tonge kinywani.

Walakini daraja halisimami kwa nguzo moja. Neno langu la jioni hii ni hili: pwani yetu imejua tangu zamani kukiheshimu chombo cha mgeni, bali haijajifunza vema kukiheshimu chombo kilichofinyangwa na mama nyumbani. Mpaka tukifanye hivyo, daraja tunalolisifu lina nguzo upande mmoja tu.

Kwanza nitasema juu ya heshima tuliyompa mgeni, maana ni jambo jema wala silikatai. Kilometa 17 hivi kusini ya mji huu yapo magofu ya Tongoni. Pana msikiti uliobomoka, na makaburi yapata 40, mengi yake yakiwa yamejengwa na nguzo ya mawe kichwani. Mji ule ulisitawi katika karne ya 14 na ya 15. Mwaka 1857 Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika hapo akaandika habari zake. Leo nguzo nyingi zimeanguka, lakini mtu akitazama kwa makini ataona katika mawe mashimo ya mviringo yaliyochongwa kwa uangalifu. Katika mashimo hayo waliowazika wazee wetu walipachika mabakuli ya kauri. Kaole, karibu na Bagamoyo, ni vivyo hivyo, na Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, iko nguzo ambayo ilipambwa kwa mabakuli ya China.

Tulifikiri neno hilo. Bakuli lilifinyangwa na fundi wa China, mtu asiyejua hata jina la Tongoni. Likapita mikono ya wafanyi biashara katika bandari nyingi za Bahari ya Hindi, likaletwa na pepo za kaskazi hata ufuo wetu. Hapa halikuuzwa tena. Liliwekwa juu ya kaburi la mtu mwenye heshima, mahali pa kudumu. Huko Lamu vilevile, wenye nyumba za mawe walijenga vidaka ukutani vya kuweka sahani na mabakuli ya namna hiyo, na mgeni alipokaribishwa ndani ndivyo alivyoviona kwanza. Watu walisema juu ya kauri za kijani kwamba zikitiwa chakula chenye sumu hupasuka au hugeuka rangi. Kweli au si kweli, itikadi hiyo ilienea nchi nyingi za Kiislamu, nayo yaonyesha kwamba chombo cha mgeni kilipewa kazi ya kumlinda mwenyeji. Hapana imani kubwa kuliko hiyo iwezayo kupewa mgeni.

Ndivyo kitu cha kigeni kinavyokuwa chetu. Hakiwi chetu kwa kununuliwa tu, bali kwa kupewa mahali. Mtu aweza kuwa na sahani mia za Ulaya kabatini, zikabaki za Ulaya. Na wazee wa Tongoni kwa bakuli moja waliifanya China kuwa jirani.

Sasa, Mabwana, natoka kwenye kaburi naenda jalalani, kwa kuwa jalala nalo lina ushahidi wake. Mwaka 1955 mtaalamu Mortimer Wheeler aliizuru pwani yetu, akastaajabia wingi wa vigae vya China ufuoni, akasema kwamba sehemu kubwa ya historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini, tangu karne ya 10, imeandikwa katika kauri hizo. Neno hilo lilipendeza watu wengi, na hata leo hurudiwa. Lakini waliochimba kwa subira katika magofu hayo waliona jambo jingine. Kwa kila kigae kimoja kilichotoka ng'ambo, vilikuwapo vingi mno vya vyungu vya hapa hapa, vya udongo wa kawaida, visivyo na rangi wala mng'aro. Kwa muda mrefu vigae hivyo havikupata sifa. Vilihesabiwa kuwa vyombo vya jikoni, na cha jikoni hakiandikiwi sana.

Tena ndivyo vilivyokuja kuamua shauri kubwa. Zamani wataalamu wengi wa Ulaya walidhani kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni kutoka Arabuni na Uajemi, na kwamba Mwafrika alikuwa mtumishi tu katika mji usio wake. Vigae vya udongo vilisema vingine. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alieleza habari za vyungu vya kale vilivyopatikana Kwale, katika Kenya, na vya namna moja navyo vikapatikana katika milima ya Usambara na Upare, vya tangu karne za mwanzo za miladi. Baada yake Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza vyungu vya kati ya karne ya 6 na ya 10, ambavyo shingoni vimechorwa safu za pembetatu zilizojazwa mistari. Vyungu vyenye alama hiyo vimeonekana tangu visiwa vya Lamu hata Msumbiji na Komoro, na bara pia. Mwaka 1994 alitoa kitabu akaeleza kwamba waliovifinyanga walikuwa wenyeji, wakulima na wafua chuma, wazao wa watu waliotangulia, na kwamba hao ndio waliokuwa msingi wa miji ya pwani.

Basi pembetatu iliyochorwa na mama kwa kijiti, wakati udongo ungali mbichi, ilihifadhi haki ya wajukuu wake kwa muda wa miaka elfu na zaidi, mahali ambapo vitabu vilinyamaza.

Mwaka 2023 likaongezwa neno jingine. Katika jarida la Nature walitangaza wataalamu, na kati yao Waafrika ya Mashariki, habari za mifupa ya watu 80 waliozikwa katika pwani ya Kenya na Tanzania, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800, mahali kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Walipochunguza urithi uliomo katika mifupa hiyo waliona kwamba watu wengi walikuwa na asili mbili, na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Upande wa Asia ulikuja zaidi kwa baba, hasa kutoka Uajemi, na upande wa Afrika ulikuja zaidi kwa mama. Wazee wetu waliokuwa wakisimulia habari za Washirazi hawakusema uwongo, wala wale wanaosema kwamba Mswahili ni Mwafrika hawakusema uwongo. Ila masimulizi mengi ya ukoo yalishika jina la baba aliyekuja na chombo, yakamsahau mama aliyempokea na chungu. Nyumba ile ilikuwa na vyote viwili, bakuli na chungu. Wali ulipikwa katika kimoja ukapakuliwa katika kingine. Nani atasema kwamba daraja lilijengwa na bakuli peke yake?

Baada ya hayo nataka mjue jinsi kazi yenyewe ilivyo, kwa maana wengi wetu tumekula chakula kilichopikwa chunguni na hatujui kilivyofanyika. Katika milima ya Upare na Usambara, na vilevile Pemba na mahali pengi pa pwani, ufinyanzi ni kazi ya wanawake, nayo hurithishwa katika nyumba, mkubwa akimfunza mdogo. Mfinyanzi hujua udongo wa kuchimba na wa kuacha. Huutwanga, huuondolea mawe na mizizi, huuloweka na kuukanda mpaka ukubali. Hatumii gurudumu, chombo huinuliwa kwa mikono yake mitupu, naye hukizunguka au hukizungusha kidogo kidogo. Kikishika umbo hukichora nakshi, tena kwa wakati wake, maana mapema mno mstari hufumbana, na mkiwa udongo umekauka hupasuka. Kisha hukiacha kivulini siku kadha, halafu hukichoma kwa kuni na majani katika moto wa wazi, pasipo tanuru. Upepo ukigeuka saa hiyo, kazi ya juma zima hugeuka vigae. Ndiyo sababu wahenga wakasema, Udongo uwahi ungali maji.

Na nakshi zenyewe ni nini? Hapa ni lazima kusema kwa uangalifu. Wako wachuuzi siku hizi wanaomwambia mtalii kwamba mstari huu maana yake ni mto, na nukta hizi ni machozi ya malkia, na kila kitu kina hadithi. Hadithi hizo hutungwa dukani. Mfinyanzi akiulizwa mwenyewe, mara nyingi hujibu kwa maneno machache zaidi na yenye thamani zaidi: kwamba alama hii ndiyo ya nyumbani kwao, kwamba hivi ndivyo mama yake alivyochora, kwamba mkwaruzo huu huzuia mkono usiteleze, na kwamba akiona chungu chake sokoni atakijua kati ya vyungu hamsini. Hiyo si maana ndogo. Saini ya karani chini ya barua haina maana nyingine ila hiyo: mimi ndimi niliyeandika, nami nalijibia. Tena pwani tumezoea tangu zamani kwamba chombo huandikwa. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani ndani ya kombe, akaiosha kwa maji ya marashi, mgonjwa akanywa. Watu walioliona kombe kuwa ukurasa hawangeshindwa kumwona mfinyanzi kuwa mwandishi.

Bali tumeshindwa. Katika duka moja la mjini, ambalo sitalitaja, nilikuta chungu kizuri sana kutoka milimani, kimefungiwa karatasi yenye bei na maneno mawili tu: Chungu, Afrika. Hapakuwa na jina la mtu, wala la kijiji, wala la wilaya. Bakuli la China la miaka mia sita hujulikana limetoka tanuru gani. Chungu kilichochomwa mwezi uliopita, mwendo wa siku moja kutoka hapa, hakijulikani kimetoka mkono gani. Mgeni akikinunua hupeleka kwao kitu kizuri, lakini hapeleki habari ya mtu yeyote, na pasipo mtu hapana kukutana. Wahenga walisema, Mfinyanzi hulia gaeni. Walitaka kusema kwamba mwenye ufundi hajitengenezei chema. Nami naogopa kwamba sisi ndio tunaomwachia kigae.

Tena tusidhani kwamba nakshi pasipo jina hukaa salama. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya, kama vile vya Maastricht katika Uholanzi, vilituma katika Afrika ya Mashariki mabakuli mengi yenye maua na mistari iliyopakwa kwa mkono au kugongwa kwa sifongo. Vipande vyake vimeokotwa Unguja, pwani na katika njia za misafara ya bara. Wenye viwanda walijifunza vema rangi zipi zapendwa huku. Siwalaumu, mfanyi biashara lazima ajue apendacho mnunuzi. Nasema tu kwamba mtu wa mbali aliona faida kuchunguza macho yetu yapenda nini, na sisi tulio karibu hatukuona haja ya kuuliza mikono yetu yajua nini.

Najua yatakayojibiwa. Watasema, chungu huvunjika, sufuria haivunjiki; sahani ya plastiki ni rahisi, na mama apikaye kwa kuni chache hana nafasi ya mapambo. Maneno hayo ni ya haki. Sitaki mtu yeyote alazimishwe kuacha sufuria yake, wala sisemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa chema. Kuchoma vyungu nako hula kuni, na milima yetu yaomba huruma. Lakini hatuombi vyungu virudi katika kila jiko. Twaomba ufundi usife kwa sababu ya kupuuzwa tu, na mwenye ufundi apate jina lake na bei yake. Lugha haitumiwi sokoni peke yake, nasi twaihifadhi. Ufundi huu vilevile.

Sasa nafika penye kazi yetu sisi. Katika mji huu huu wa Tanga, mwaka 1922, karani Martin Kayamba na wenzake walianzisha Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika. Walikuwa watu wa kabila mbalimbali, Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na wa bara, nao waliketi pamoja kusoma magazeti na kushauriana. Silaha yao ilikuwa kalamu. Walijua kwamba lisiloandikwa katika daftari, mbele ya Serikali ni kama halipo. Mfinyanzi wa Upare hayumo katika daftari. Na sisi ndio washika daftari.

Kwa hiyo nathubutu kuwashauri mambo manne.

Kwanza, kila mwanachama atumikaye karibu na mahali pa wafinyanzi, au aendaye likizo kwao, aandike. Aandike jina la chombo kwa lugha ya pale, kazi yake, alama zake na jina la alama hizo kama lipo, na maneno ya mfinyanzi kama alivyoyasema, pasipo kuyapamba. Penye ruhusa, aandike na jina lake. Asipopewa ruhusa, asiandike. Tanzania iliridhia mwaka 2011 mapatano ya UNESCO ya mwaka 2003 juu ya kuhifadhi urithi usioshikika kwa mkono, na ufundi wa mikono umetajwa humo. Mapatano hayatembei yenyewe. Huhitaji watu wa kuandika.

Pili, wale walio na kazi ya masoko, maonyesho na utalii wasikubali karatasi yenye neno Afrika peke yake. Kijiji kiandikwe, na jina la fundi kwa hiari yake.

Tatu, tunaponunua tusimpunje. Ni aibu mtu mwenye mshahara wa mwezi kubishana kwa nusu saa juu ya kazi ya juma zima, kisha akajisifu kwamba apenda mila.

Nne, tuanze na meza yetu wenyewe. Chama hiki hupokea wageni kila mwaka. Maji ya mgeni yatoke katika mtungi, na mchuzi uje katika chungu, na sinia liwe pale pale kati, chini ya kawa la ukindu. Mgeni akiuliza, tuweze kumjibu: hili limepewa jina la China, hiki kimetoka Usangi, na aliyekifinyanga ni fulani.

Bwana Mwenyekiti, mashimo ya Tongoni sasa ni matupu. Mabakuli yameondolewa zamani, mengine kwa kuvunjika, mengine kwa kuchukuliwa. Lakini hata pasipo bakuli, shimo lile linashuhudia kwamba palikuwa na watu waliojua kumpa mgeni mahali pa heshima. Urithi huo tuushike. Ila wajukuu wetu watakapochimba mahali tulipokaa sisi, wasikute tu vipande vya vitu tulivyonunua. Wakute pia, katika daftari zetu, majina ya mama zetu waliofinyanga, na alama zao karibu na majina yao.

 Mwenye swali na aulize, na aliye na bibi mfinyanzi, naomba asiondoke kabla hatujaonana.